Dirisha Linalochungulia Dirisha

Laptopu yangu ni mtumba, lakini ndiyo hulipa kodi ya SQ yangu hapa Kileleshwa. Ndani yake kuna Ubuntu, na kwa miaka ilitumia X11.

X ilizaliwa MIT, Marekani, mwaka wa 1984, kwa ajili ya kompyuta za chuo; toleo la 11 likatoka 1987. Kazi yake ni kupokea unachobonyeza na kupanga madirisha ya programu kwenye skrini. Shida ni kwamba programu moja inaweza kusoma unachoandika kwenye nyingine. Ni kama ploti ambayo kila mpangaji ana funguo za vyumba vyote. Na mimi nywila ya benki naandika hapo hapo.

Mwaka wa 2008 Kristian Høgsberg akaanzisha Wayland: kila programu iko na chumba chake. Ubuntu iliihamia Oktoba 2017, ikarudi X miezi sita baadaye, kisha ikahama tena 2021.

Nami nilirudi mara moja. Kubadilisha kulikuwa ni kuchagua tu kabla ya kuingiza nywila, lakini programu yangu ya kunasa skrini ilitoa picha nyeusi tii, na mhariri anangoja. Baadaye nikaelewa: ilikuwa imezoea kuchungulia bila hodi. Nikatafuta nyingine, inayoomba ruhusa kwanza.

Chuo niliacha na sikurudi. X nayo nimeiacha, ila programu zangu kongwe bado zinaihitaji, kwa hiyo Wayland imeitengea kachumba, Xwayland. Mgeni wa zamani, lakini sasa hana funguo za wengine.