Bei, Gharama na Upotevu: Historia Fupi ya Transfoma

Makala haya yanahusu maneno ambayo aghalabu huchanganywa katika tafsiri za hati za zabuni za umeme. Twaonelea kwamba historia ya chombo chenyewe yaweza kuonyesha kwa nini hayafai kuchanganywa.

Mwaka 1885, huko Budapest, wahandisi Károly Zipernowsky, Miksa Déri na Ottó Bláthy wa kiwanda cha Ganz walitengeneza transfoma yenye kiini cha chuma kinachofunga mzunguko. Jina lenyewe lahusishwa na Bláthy. Kabla yake Gaulard na Gibbs walikiita chombo chao jenereta ya pili, jina la kupotosha, kwani hakizalishi umeme. Wahandisi hao watatu waliziunganisha transfoma sambamba, kila moja ikipokea volti kamili ya njia kuu. Tangu hapo transfoma haikupata kulala: hata taa zote zikizimwa, chuma chake huendelea kusumakishwa na kupata joto.

Hivyo pana upotevu wa aina mbili. Ule wa kiini haukomi mchana wala usiku. Ule wa nyaya hufuata mraba wa mzigo, yaani mzigo ukiwa nusu, upotevu huwa robo. Chuma cha miaka ya 1890, zaidi ya hayo, kilizeeka kwa joto na upotevu wake ukaongezeka, hadi chuma chenye silikoni, alichokishughulikia Robert Hadfield wa Uingereza, kilipoipunguza sana dosari hiyo mwanzoni mwa karne ya 20.

Tuchukue transfoma mbili zinazolingana kwa yote isipokuwa upotevu wa kiini: moja wati 200, nyingine 300. Tofauti hiyo, kwa saa 8,760 za mwaka, ni kilowati-saa 876. Kwa miaka 30 ni 26,280. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hujumlisha bei na thamani ya upotevu wa miaka yote. Jumla hiyo ndiyo gharama. (Anayeilipa, tusisahau, mara nyingi si yule aliyetia sahihi.)

Mfasiri akiandika "hasara" mahali pa "upotevu", mhasibu huona fedha tu, wala haulizi wati. Twapendekeza upotevu uwe wa nishati, na hasara ibaki vitabuni mwa wahasibu. "Ufanisi" ni neno gumu zaidi. Transfoma yenye ufanisi wa asilimia 98 ikiwa na mzigo kamili yaweza kuwa chini ya hapo ikipimwa kwa siku nzima kijijini, ambako taa huwashwa saa chache za jioni. Neno hilo lisiandikwe bila kutaja mzigo na muda wa kipimo.