Missa Luba ya Kamina: Sauti, Kalamu na Mwenye Wimbo

Anayenunua muziki kwenye intaneti leo hana haja ya kwenda Kamina ili aisikie Missa Luba. Sauti za watoto walioimba mwaka 1958 katika mji huo wa njia panda ya reli humfikia popote alipo, naye hulipa kwa kuzisikia. Pamoja na kila wimbo huandikwa majina: la wimbo wenyewe, la waimbaji, la mtunzi na la kampuni inayomiliki rekodi. Fedha hufuata majina hayo kama maji yafuatavyo mfereji. Kwa sababu hiyo, suala la haki katika uuzaji wa muziki kwenye intaneti, ambalo hudhaniwa kuwa limeletwa na mitambo mipya, kwa kweli ni suala la historia: nani aliandikwa, lini, na kwa nini mwingine hakuandikwa. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kufuata mfano mmoja, yaani ule wa misa iliyozaliwa katika nchi ya Waluba wa Katanga, nchi inayoanzia Kamina na kuvuka Mulongo, kwenye ukingo wa mto Lualaba.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. Hakimiliki humlinda mtu aliyebuni wimbo. Haki jirani humlinda aliyeuimba au kuupiga, pamoja na yule aliyegharimia kuurekodi. Alama ya biashara hailindi wimbo hata kidogo. Hulinda jina au nembo inayoutambulisha sokoni. Mtu aweza kuwa na mojawapo ya haki hizi akakosa nyingine. Katika habari za Kamina kila moja ilikwenda njia yake.

Mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mbelgiji wa shirika la Mtakatifu Fransisko, alifika Kamina kushika uongozi wa shule. Badala ya kuwafundisha wanafunzi nyimbo za Ulaya peke yake, aliwahimiza waimbe kwa namna ya kwao. Kwaya aliyoiunda ilikuwa na wavulana wapatao 45 wenye umri wa miaka 9 hadi 14, na walimu wapatao 15. Ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Mwimbaji wake kiongozi alikuwa mwalimu, Joachim Ngoi. Tarehe 23 Machi 1958 misa iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Mwaka huohuo kwaya ikasafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na kampuni ya Philips ikairekodi.

Maneno ya misa ni ya Kilatini, nayo ni mali ya kale ya Kanisa, wala hakuna awezaye kuyadai. Lakini mahadhi yake yalitoka wapi? Kyrie iliimbwa kwa mtindo wa kasala. Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana ilichukua mdundo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei ikafuata wimbo wa Bena Lulua. Zaidi ya hayo, hapakuwa na karatasi ya nota. Kiongozi alianza, wengine wakamwitikia, na katika kuitikia wakabuni. Kilichosikika siku ya kurekodi kilikuwa kimetungwa kwa midomo ya wanakwaya wenyewe.

Jambo la kasala linastahili kuangaliwa kwa makini, maana hapa ndipo kinyume kikubwa cha habari hii kilipo. Wataalamu walioichunguza fasihi hiyo, miongoni mwao Patrice Mufuta na Clémentine Faïk-Nzuji, ambaye kitabu chake kilichapishwa Lubumbashi mwaka 1974, wameonyesha kwamba kasala ni utenzi wa kutaja majina. Msanii humtaja anayesifiwa au anayeliliwa, huwataja wazazi na mababu zake, na asili yake. Mtu asiyetajwa katika kasala ni kana kwamba hakuwapo. Sanaa hiyo inayoishi kwa majina ndiyo iliyoingia katika maduka ya dunia chini ya neno moja tu: muziki wa asili. Neno hilo kwa lugha ya biashara lina maana ya wimbo usio na mwenyewe. Hivyo si kweli kwamba Waluba hawakujua kumtambulisha mtu kwa kazi yake. Walijua, bali kwa njia ambayo fomu ya kampuni haikuwa na nafasi ya kuiandika.

Tukija kwenye jina la kwaya, tunakuta kwamba nalo halikuwa mali ya waimbaji. Lilikuwa jina la mfalme. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 lilibaki juu ya santuri kama alama ya bidhaa, ilhali watu wa Kamina hawakuwa na sababu wala uwezo wa kujitambulisha kwalo. Umuhimu wa jina sokoni unaonekana wazi katika muziki wa Kinshasa wa miaka ya baadaye. Wenge Musica ilipogawanyika mwaka 1997, pande mbili kubwa, ule wa JB Mpiana na ule wa Werrason, zote ziliendelea kulishika neno Wenge, kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wakinunua jina kabla ya kununua wimbo. Hata kampuni kubwa hazisalimiki na jambo hili. Jina la Philips ni mali ya kampuni ya vifaa vya umeme ya Uholanzi. Tawi lake la muziki lilipokuwa sehemu ya PolyGram, na PolyGram ikaingia katika Universal mwaka 1998, jina lile likawa linatumika kwa ruhusa tu. Ruhusa ilipokwisha, rekodi nyingi za klasiki zilizokuwa za Philips zilianza kuuzwa kwa jina la Decca. Sauti ilibaki ileile, ila nembo ilibadilika.

Wakati huohuo misa ilikuwa ikienea. Pasolini aliitumia Gloria katika filamu yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo. Sanctus ilisikika katika filamu ya Kiingereza if.... ya mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Mwaka 1969 nota zake zilichapishwa New York. Hapo ndipo badiliko kubwa lilipotokea: kile kilichokuwa sauti kikawa maandishi, na maandishi hudai mwandishi. Jina lililoandikwa lilikuwa la Padri Haazen.

Sheria ilikazia tofauti hiyo. Mwaka 1958 hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliowalinda waimbaji. Ule wa Roma ulitiwa sahihi tarehe 26 Oktoba 1961. Katika Ulaya rekodi ililindwa miaka 50 tangu kutolewa, hivyo kinga ya rekodi iliyotolewa mwaka 1958 ilikoma mwishoni mwa 2008. Umoja wa Ulaya ulipoongeza muda huo hadi miaka 70, kwa agizo la mwaka 2011, haukuzifufua haki zilizokwisha kufa. Ya mtunzi ni tofauti, kwani hulindwa miaka 70 baada ya kifo chake. Padri Haazen alifariki mwaka 2004, basi haki za jina lake zitadumu hadi mwisho wa 2074. Kwa maneno mengine, kazi moja ina vipimo viwili: sauti za watoto wa Kamina zaweza kunakiliwa na kuuzwa huko na yeyote atakaye, lakini kalamu italindwa kwa miaka 66 zaidi.

Haitakuwa haki kumfanya padri huyo mwizi. Alizithamini nyimbo ambazo wamisionari wengi wa zama zake walizipiga marufuku, na habari ya kwamba misa ilitokana na ubunifu wa kwaya haikufichwa kwa wasikilizaji. Vilevile, hata kama angetaka kugawa haki, si rahisi kusema angempa nani. Nyimbo zilitoka kwa Waluba wa Katanga, kwa watu wa Kasai na kwa Bena Lulua. Waimbaji walikuwa wengi, na wengi wao watoto. Tena wimbo unaosafiri huzaa wimbo mwingine: Kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi misa hiyo kwa namna yake, na diski ikatoka mwaka 1990. Hata hivyo, ugumu wa kugawa si sababu ya kumwandika mmoja na kuwasahau wote.

Kongo yenyewe haikukosa sheria. Chama cha SONECA kiliundwa mwaka 1969. Alama za biashara zikapata sheria yake tarehe 7 Januari 1982. Haki za watunzi na haki jirani zikapata yake tarehe 5 Aprili 1986. Na mwaka 2011 SOCODA ikashika nafasi ya SONECA. Lakini chama cha watunzi hukusanya kwa ajili ya wale walioandikishwa. Mwanakwaya wa mwaka 1958 ambaye jina lake halimo katika daftari lolote hana mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo somo la Missa Luba si la wanasheria peke yao. Intaneti haikuzusha udhalimu mpya. Ilichukua majina yaliyokuwa juu ya santuri za zamani ikayasambaza duniani kote, pamoja na mapengo yake. Kuyajaza mapengo hayo ni kazi ya watafiti wa lugha na fasihi simulizi. Wavulana wa mwaka 1958 walio hai bado sasa wamepita miaka 75. Vyuo vikuu vya Kamina na Lubumbashi vina wanafunzi wanaojua Kiluba na Kiswahili, wanaoweza kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliimba, nani aliitikia, na wimbo upi ulitoka kwa nani. Orodha ya namna hiyo huenda isimletee mtu hata faranga moja. Lakini itawatendea wanakwaya hao lile ambalo kasala humtendea kila mtu, nalo ni kumtaja.