CA 19-9 na viashiria vingine vya saratani ya kongosho

CA 19-9 ni sukari changamano inayobebwa na protini na mafuta yaliyo juu ya seli za mirija ya kongosho na ya nyongo. Kwa mtu mwenye afya hupatikana kidogo tu katika damu. Kwa wagonjwa wengi wa saratani ya kongosho huongezeka, pengine mara mamia. Hupimwa kwa uniti katika kila mililita, na kikomo kinachotumiwa na maabara nyingi ni 37. Ndicho kiashiria cha kibiolojia kilichozoeleka zaidi katika ugonjwa huu, na hupewa kazi mbili: kusaidia kuutambua, na kukadiria mgonjwa ataishi muda gani. Kazi ya pili kinaiweza. Ya kwanza inakishinda kwa sehemu kubwa, kwa sababu zinazostahili kuelezwa kwa kirefu.

Ugonjwa wenyewe

Kongosho hulala nyuma ya mfuko wa chakula, karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo mkono wa daktari haufiki na uvimbe mdogo haumsumbui mtu. Takriban saratani 9 kati ya 10 za kongosho huanzia kwenye seli za mirija yake, na hizo ndizo zinazozungumziwa hapa. Zile chache zinazoanzia kwenye seli za homoni, kama iliyompata Steve Jobs, ni ugonjwa mwingine wenye viashiria vyake.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao 511,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na wapatao 467,000 walikufa kwayo. Tarakimu hizo mbili zimekaribiana mno. Hata Marekani, wagonjwa 13 hivi tu katika kila 100 hufikisha miaka mitano. Upasuaji ndio wenye tumaini la kuponya, lakini wanaofika hospitali wakiwa bado wanaweza kupasuliwa ni kama mmoja kati ya watano. Waliobaki hufika uvimbe ukiwa umeizingira mishipa mikubwa ya damu au umesambaa kwenye ini. Wengi huletwa na macho ya njano, ngozi inayowasha na mkojo uliokoza rangi, dalili za mfereji wa nyongo uliokwisha kubanwa.

Ucheleweshaji huo haumaanishi kwamba saratani hii hukua ghafla. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia mabadiliko ya jeni katika miili ya wagonjwa waliofariki, wakahesabu kwamba kutoka badiliko la kwanza hadi kuzaliwa kwa seli ya saratani yenyewe hupita angalau miaka 10, kisha miaka mingine 5 hivi kabla seli hizo hazijapata uwezo wa kusambaa. Muda wa kuukamata ugonjwa upo, na ni mrefu. Kinachokosekana ni kitu cha kuutangaza.

Kupatikana kwa CA 19-9

Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein walibuni mjini Cambridge njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Njia hiyo ilichukuliwa upesi na Taasisi ya Wistar, Philadelphia, chini ya Hilary Koprowski. 

Pale Wistar, panya walidungwa seli za saratani ya utumbo mpana kutoka katika ukoo wa seli za maabara uitwao SW1116. Panya wakatengeneza kingamwili, na mwaka 1979 ikatangazwa iliyopewa namba 19-9. Miaka michache baadaye ikajulikana kwamba inachokishika si protini bali sukari, ndugu wa sukari za kundi la damu la Lewis. Kwa hiyo kiashiria kikuu cha saratani ya kongosho kilipatikana kwa kuwinda saratani ya utumbo, na kilipatikana kirahisi kwa kuwa panya hawaitengenezi sukari hiyo: miili yao iliiona ngeni.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba CA 19-9 ni alama tu, haifanyi lolote. Mwaka 2019 watafiti wa Cold Spring Harbor, New York, waliwabadilisha panya jeni ili waitengeneze, na makongosho ya panya hao yakawaka kwa uvimbe mkali. Walipopewa kingamwili dhidi yake, uvimbe ukatulia. Huenda basi sukari hii ni mshiriki katika ugonjwa.

Kwa nini haifai kuwasaka wagonjwa

Kwa mtu mwenye dalili, CA 19-9 iliyozidi 37 huwanasa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10, na huwaacha salama wasio na saratani kwa kiwango kinacholingana au kupita hapo kidogo. Hesabu hiyo huwavutia watu wakatamani kila mwenye umri mkubwa apimwe. Korea Kusini imekwisha kuonyesha kinachotokea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walipimwa watu 70,940 wasio na dalili yoyote. Waliozidi kikomo walikuwa 1,063. Kati yao, wenye saratani ya kongosho walikuwa 4. Wengine elfu moja na zaidi walipata hofu na vipimo vya ziada bila ugonjwa uliotafutwa. Kasoro haikuwa ya maabara: ugonjwa ukiwa adimu, hata kipimo kisichokosea sana huzalisha majibu ya uongo mengi kuliko ya kweli. Ndiyo maana jopo la Marekani la huduma za kinga lilisisitiza tena mwaka 2019 kwamba wasio na dalili wala historia ya ugonjwa katika familia wasipimwe saratani hii.

Tatizo la pili ni nyongo. CA 19-9 hutolewa mwilini kupitia nyongo, hivyo mfereji ukiziba kwa jiwe, kwa maambukizi au kwa uvimbe usio wa saratani, sukari hiyo hurudi kwenye damu na kupanda sana. Kongosho lililovimba na ini lililosinyaa hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa mwenye macho ya njano mwenye CA 19-9 ya 800 anaweza kuwa na jiwe tu. Kanuni ni kuzibua mfereji kwanza, kusubiri umanjano uishe, kisha kupima upya. Kanuni hii hupuuzwa mara nyingi, ilhali katika hospitali ambazo wagonjwa wengi hufika wakiwa njano ndiyo ingepaswa kutangulia.

La tatu lingepaswa kuwagusa zaidi wasomaji wa Afrika. Ili mwili utengeneze CA 19-9 unahitaji kimeng'enya kinachoandikwa na jeni FUT3, kile kile kinachotengeneza kundi la damu la Lewis. Mtu aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kwa mama hana kimeng'enya hicho, na CA 19-9 yake hubaki chini au sifuri, hata uvimbe ukijaza tumbo. Vitabu vya benki ya damu vya Marekani huwaweka watu wa namna hii kwenye karibu 6 kati ya Wazungu 100, na 22 kati ya Weusi 100. Kwa hiyo jibu la chini, ambalo mgonjwa hulipokea kwa shukrani, lina maana tofauti kwa watu wa asili tofauti, na fomu ya maabara haisemi neno juu ya hilo. Mwaka 2020 timu ya Johns Hopkins ilionyesha kwamba ukisoma kwanza jeni FUT3 na FUT2 za mtu, kisha ukampa kikomo kinacholingana na uwezo wake wa kutengeneza sukari hiyo, wagonjwa wengi zaidi hunaswa bila kuongeza majibu ya uongo. Kikomo kimoja cha 37 kwa walimwengu wote ni urithi wa miaka ya 1980 tu.

Kukadiria maisha

Uvimbe ukishathibitishwa kwa picha na kwa kipande cha nyama kilichosomwa chini ya hadubini, thamani ya CA 19-9 hubadilika. Sasa swali si kama kuna saratani, bali ni kiasi gani, na imejificha wapi. Mgonjwa ambaye picha yake ya CT inaonyesha uvimbe mdogo unaoweza kukatwa, lakini CA 19-9 yake iko kwenye maelfu bila kizuizi cha nyongo, mara nyingi ana mbegu za saratani kwenye ini ambazo picha haizioni. Wataalamu waliokutana Sendai, Japani, mwaka 2016 walikubaliana kwamba ikizidi 500 mgonjwa ahesabiwe kuwa kwenye mpaka wa kupasuliwa, hata kama umbo la uvimbe linaruhusu kisu. Uamuzi huo huwaelekeza wengi kwenye dawa za kemo kwanza.

Baada ya upasuaji, kipimo husema wazi zaidi. Katika jaribio la Marekani lililojulikana kama RTOG 9704, wagonjwa 385 walipimwa baada ya uvimbe kutolewa. Waliobaki na CA 19-9 ya zaidi ya 180 walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tatu kuliko waliokuwa chini yake. Wakati wa tiba, mwelekeo wa namba una uzito kuliko namba moja: ikishuka, dawa inafanya kazi, ikipanda kwa mfululizo baada ya kushuka, ugonjwa mara nyingi unarudi, pengine miezi kadhaa kabla ya picha kuonyesha kitu. Mashine za kampuni tofauti hutoa majibu tofauti kwa damu ile ile, hivyo mgonjwa anayefuatiliwa asihamehame maabara.

Viashiria vilivyo ndani ya uvimbe

Baadhi ya habari hazimo kwenye damu. Jeni SMAD4, iliyogunduliwa mwaka 1996, huwa imepotea katika zaidi ya nusu ya saratani hizi. Uchunguzi wa miili ya waliofariki uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wenye SMAD4 iliyopotea ndio hasa hufa kwa ugonjwa uliotapakaa, huku kundi dogo likifa kwa uvimbe uliobaki pale pale ulipoanzia.

Protini hENT1, mlango ambao dawa ya jemsitabini huingilia kwenye seli, ilileta matumaini: katika majaribio ya Ulaya ya ESPAC, waliotibiwa kwa dawa hiyo wakiwa na hENT1 nyingi waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 26.2, na wenye kidogo miezi 17.1. Kisha ikaonekana kwamba matokeo hutegemea kingamwili ya maabara iliyotumika kuipaka rangi, na kipimo hakikuenea.

Jeni BRCA1 na BRCA2, zinazojulikana zaidi kwa saratani ya matiti, huwa zimeharibika kwa urithi katika wagonjwa wachache. Mwaka 2019 jaribio la POLO lilionyesha kwamba dawa ya olaparibu huwapa hao miezi 7.4 kabla ugonjwa haujaendelea, dhidi ya 3.8 kwa dawa bandia. Jumla ya maisha yao haikurefuka kwa kiasi cha kuhesabika.

Ahadi za kutambua mapema

Mwaka 2015 timu ya MD Anderson, Houston, ilitangaza katika jarida la Nature kwamba glipikani-1, protini iliyo juu ya vifuko vidogo vinavyomwagwa na seli, huwatenganisha wagonjwa na wazima bila kosa hata moja. Maabara nyingine zilijaribu na hazikufikia ukamilifu huo. Kiashiria kinachotajwa kuwa na usahihi wa asilimia 100 ni cha kushukiwa kabla ya kushangiliwa.

Kilichosogea kwa unyenyekevu zaidi ni kuunganisha vipimo. Jeni KRAS imebadilika katika zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi, na vipande vyake huvuja kwenye damu. Mwaka 2017 Johns Hopkins ilivipima pamoja na CA 19-9 na protini nyingine tatu kwa wagonjwa 221 ambao bado wangeweza kupasuliwa. Ilinasa 64 kati ya kila 100, huku jibu la uongo likitokea kwa mmoja tu kati ya wazima 182. Kosa ni dogo, lakini watu 36 katika kila 100 walipita bila kuonekana. Watafiti waliorudia damu iliyohifadhiwa miaka mingi wamegundua pia kwamba CA 19-9 huanza kupanda kwa kasi miaka miwili hivi kabla ya ugonjwa kutambuliwa.

Njia nyingine haihitaji maabara kubwa. Saratani ya kongosho mara nyingi huleta kisukari kabla ya dalili nyingine, na watafiti wa Mayo Clinic walikuta kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea wanaopata kisukari kipya, karibu mmoja kati ya 100 hugunduliwa na saratani hii ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2018 walitoa kanuni ya alama iitwayo ENDPAC, inayotumia umri, mabadiliko ya uzito na mabadiliko ya sukari ya damu. Kisukari cha kawaida cha ukubwani huja kwa kunenepa. Cha saratani huja mtu akikonda. Waliopata alama 3 au zaidi, 3.6 kati ya kila 100 walikutwa na saratani. Katika kundi hilo lililochujwa, CA 19-9 iliyopanda kwa mtu asiye njano ni sababu ya kutosha ya kumpeleka kwenye CT bila kuchelewa.