Hesabu Ndani ya Wimbo

Wasomaji wetu wengi wameimba katika kwaya, nao wazijua Do, Re, Mi. Walakini wachache wajua ya kuwa ndani ya sauti hizo mna hesabu. Kaza uzi, uupige. Kisha ushike katikati, upige nusu yake: utasikia Do ileile, lakini ya juu. Hiyo ni 2 kwa 1. Toka Do mpaka So ni 3 kwa 2, na toka Do mpaka Mi ni 5 kwa 4. Wayunani wa kale walizijua hesabu hizi.

Lakini zina taabu yake. Fundi akipanda toka Do mpaka So, na toka hapo So nyingine, hata mara 12, hafiki sawasawa kwenye Do, huipita kidogo. Basi mafundi wa piano waliligawa kosa hilo kwa sauti zote 12. Faida yake ni kubwa, kwani wimbo waweza kuanza kwa sauti yo yote. Hasara ni kwamba Mi ya piano imezidi kidogo. Waimbaji wasio na kinanda, wakisikilizana vema, huikaribia Mi ya kweli kwa masikio tu.

Huko Marekani alikuwako mtu aliyeikataa hasara hiyo, jina lake Ben Johnston, aliyezaliwa mwaka 1926. Mwaka 1950 alimwendea Harry Partch huko California, aliyegawa ngazi ya sauti katika vipande 43 na kujitengenezea vinanda vyake mwenyewe. Johnston hakuwa fundi wa mbao. Akachagua njia nyingine: kuwatungia wapigaji wanne, wenye fidla mbili, viola na selo, maana vidole vyao vyaweza kusimama po pote juu ya uzi.

Twaweza kuuliza, Je, hesabu hazitauua wimbo? Jibu lake ni kipande chake cha nne, cha mwaka 1973. Alitwaa wimbo tuujuao sisi Wakristo, “Amazing Grace”, ambao maneno yake yalitungwa na John Newton, aliyekuwa zamani nahodha wa merikebu za watumwa. Johnston aanza na sauti tano tu, kama wimbo wenyewe ulivyo. Kisha aongeza hesabu mpya kidogo kidogo, hata sauti zafika 22. Lakini wimbo haupotei, wazidi kung'aa.

Kipande chake cha saba, cha mwaka 1984, kilikuwa kigumu zaidi, maana mna sauti mbalimbali zaidi ya 1,000. Kilikaa miaka mingi pasipo kupigwa. Ndipo wapigaji wanne wa Milwaukee, waitwao Kepler Quartet, walipojitia kazini pamoja na mzee huyo, wakijifunza sauti moja moja. Hata mwaka 2016 vipande vyote kumi vilikuwa vimetolewa katika sahani, naye mwenyewe ametimiza miaka 90. Alifariki mwaka 2019.

Basi, tukutanapo kuimba, tusimwachie kinanda kazi ya masikio yetu. Tumsikilize jirani kwanza, ndipo tutoe sauti. Mi ya kweli haimo katika kinanda; hupatikana kati ya mtu na mwenzake.