Kulikiza Mtoto Rufiji na Kibiti: Kutoka Shubiri hadi Nyonyo ya Dukani

Kumwachisha mtoto ziwa, au kumlikiza, katika delta ya Rufiji na vijiji vya Kibiti kulifuata msimu wa mpunga na hali ya mama zaidi kuliko umri wa mtoto. Wakazi wa asili wa huko, Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa, wengi wao ni Waislamu, na kipimo kilichojulikana kwa wote ni cha Qurani. Aya ya 233 ya Sura Al-Baqara inataja miaka 2 kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na inawaruhusu wazazi kuacha mapema wakiridhiana na kushauriana. Nyumba nyingi ziliishi ndani ya ruhusa hiyo ya kuacha mapema, kwa kuwa mimba mpya ndiyo iliyokuwa ikikata shauri.

Hapo ndipo imani ya kubemenda ilipopata nguvu. Pwani nzima iliaminika kwamba wazazi wakirudiana kitandani wakati mtoto bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, maziwa huharibika na mtoto hudhoofu. Mtoto aliyekonda, aliyeharisha mfululizo au aliyechelewa kutembea alisemwa kuwa amebemendwa. Makungwi na masomo waliwafundisha wanawali mwiko huo mapema, na bibi wa mtoto ndiye aliyesimamia utekelezaji wake. Kitabibu, maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Hata hivyo wazee hawakuwa wameona vibaya: mtoto anayepokonywa ziwa ghafla kwa sababu mdogo wake yuko njiani kweli hukonda, huvimba miguu na nywele zake hubadilika rangi. Daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa huo, unyafuzi, mwaka 1933 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na akauhusisha na lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa ajili ya mwenzake. Mwiko wa kubemenda ulisaidia kupanga uzazi kabla ya vidonge. Ubaya wake ulikuwa fedheha: mama aliyeogopa kusemwa alimficha mtoto mgonjwa badala ya kumpeleka kwa mganga wa zahanati.

Siku yenyewe ya kulikiza ilikuwa ya ghafla. Mama alijipaka shubiri kwenye chuchu, utomvu mchungu ambao mtoto haurudii mara nyingi. Wengine walitumia pilipili au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Njia kubwa zaidi ilikuwa kumtenga mtoto na mama. Mpunga wa Rufiji hulimwa katika mabonde yanayofurikwa na mto, mbali na makazi, na unapoanza kuzaa ni lazima ulindwe dhidi ya ndege na nguruwe pori. Familia huhamia shambani kwa majuma mengi na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mtoto aliyefikia kulikizwa aliweza kubaki kijijini kwa bibi, na mama aliporudi baada ya mavuno ziwa lilikuwa limekauka. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki bibi humpa mjukuu anayelia ziwa lake kavu ili atulie, na hiyo ni nyonyo ya aina yake.

Tatizo lilikuwa chakula cha kuziba pengo. Uji mwepesi wa mchele au muhogo hujaza tumbo bila kujenga mwili. Samaki na kamba wa delta walikuwapo, lakini mtoto mdogo mara nyingi alipewa mchuzi tu. Maji nayo ni shida: karibu na bahari, kwenye visiwa vya mikoko kama vile vya Salale na Kiongoroni, maji ya chumvi huingia mtoni na kisima kizuri ni adimu, kwa hiyo kulikiza mara nyingi kulifuatwa na kuharisha.

Serikali iliingia katika jambo hili baada ya uhuru. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatiwa na kuhamishwa kwa wakulima wengi wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye uwanda wa juu, walikoweza kufikiwa na huduma. Mwaka 1973 ulileta kampeni ya redio ya Mtu ni Afya na sheria iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kibiti ndani yake, ikawa wilaya ya majaribio ya TEHIP, mradi wa huduma muhimu za afya. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumtibu mtoto kwa ujumla wake, pamoja na kumuuliza mama anamlisha nini. Katika Rufiji na Morogoro Vijijini vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikawa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya jirani zilizolinganishwa nazo.

Ukimwi uliparaganya mafundisho hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mama mwenye virusi alishauriwa kuacha kunyonyesha ghafla mtoto akifikisha takriban miezi 6. Watoto wengi wa Afrika waliharisha na kudhoofu, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri: anyonyeshe hadi miezi 12 huku dawa zikitumika. Mwaka 2016 muda huo ukaongezwa hadi miezi 24 au zaidi.

Nyonyo ya mpira au plastiki, chuchu ya bandia ya kumtuliza mtoto, ni mgeni wa jana. Huko Marekani ilikuwa ikiuzwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Kibiti ilizoeleka pamoja na bidhaa nyingine za dukani. Mtoto anayebebwa mgongoni na kunyonya kila anapotaka haihitaji sana. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitaka hospitali za uzazi zisiwape nyonyo watoto wanaonyonya. Mwongozo wa mwaka 2018 ulilegeza, mama aelezwe tu hatari zake.

Kuiachisha hakumpunguzii mtoto chakula kama kumwachisha ziwa, maana haina lishe ndani yake. Madaktari wa meno hushauri mtoto awe ameiacha kabla ya miaka 3, kwa sababu meno ya mbele hutokeza. Huondolewa kwanza mchana, ikabaki ya usingizi, kisha hiyo nayo. Kuipaka asali ni kosa la hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka, na sukari huozesha meno.