Wazigua waliorudi Uzigua wakiwa wakimbizi

Bagamoyo, Saadani na Pangani hutajwa zaidi kwa watumwa walioletwa kutoka bara na kuvushwa hadi Unguja. Hawatajwi sana watu wa nyuma ya bandari hizo ambao nao waliuzwa. Katika miaka ya 1830 ukame uliiangamiza Uzigua, nchi inayoanzia karibu na Saadani na kupanda hadi Handeni. Kwa masimulizi ya Wazigua, wafanyabiashara waliwaahidi wenye njaa kazi na chakula ng'ambo, kisha warudishwe kwao mvua zikinyesha. Familia zikapanda majahazi kwa miguu yao wenyewe. Waliposhushwa pwani ya Somalia, waliuzwa kwa wenye mashamba.

Safari ya kwanza ya kurudi haikuandaliwa na mtu wa nje. Inasimuliwa kwamba mwanamke aitwaye Wanankhucha aliwaongoza kutoroka, wakaelekea kusini kwa miguu. Walipofika bonde la Juba ardhi ikatetemeka, naye akaisoma kuwa ishara ya kubaki. Mimi nadhani hata bila tetemeko wangesita, maana mbele yao kulikuwa na nyika kavu na njia wasiyoijua. Wakafyeka msitu, wakalima, na Kizigua kikazungumzwa kando ya Juba kwa zaidi ya miaka 150.

Huku nyuma, hata wakombozi hawakuwa na mpango wa kumrudisha mtu kwao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, waliwanunua watoto utumwani, wakawalea, wakawaozesha, wakawapa nyumba na mashamba. Mwaka 1877 baadhi ya familia hizo changa zilipelekwa kuanzisha makazi Mhonda, kwenye milima ya Nguru. Sababu ipo: njia za misafara zilikuwa zilezile, na aliyeachiwa leo angeweza kukamatwa kesho. Lakini mahali pa kuishi palichaguliwa na padre.

Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamgambo waliwapora wakulima wa Juba nafaka na maisha. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Wengine walifika Mombasa, na kutoka huko wakaja hadi Tanga, wakapewa hifadhi Mkuyu, wilayani Handeni. Wenyeji wakawasikia wageni hawa wakiongea Kizigua, na wageni wakataja koo ambazo Handeni zinajulikana.

Waliobaki Dadaab nao waliomba kuletwa Tanzania, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likabisha hodi kwa niaba yao. Wakati ulikuwa mbaya. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania kwa takribani siku moja, na serikali haikuwa na nafasi ya kundi jingine. Msumbiji, asili ya wengine katika kundi hilo la Juba, ikafikiriwa, nayo ikajitoa. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea watu wapatao 12,000. Ndivyo watu walioomba Handeni walivyojikuta Ohio na Maine, kwenye theluji. Huo tunauita uamuzi wa hiari, ingawa mlango uliokuwa wazi ulikuwa mmoja.

Wa Mkuyu walikuwa na bahati zaidi. Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, Handeni hukohuko, kwenye ardhi ya kulima badala ya kambi ya kusubiri mgawo wa chakula. Baadaye serikali ikaanza kuwapa uraia. Jambo hilo, kwa maoni yangu, lilifaa kuliko mahema yote, kwa sababu mwenye uraia hahitaji tena kibali cha kwenda kuuza mahindi yake wilaya ya pili.

Uraia huo ni wa tajnisi, ule wanaouomba wageni. Sheria haikuwa na kifungu cha mtu ambaye babu yake alichukuliwa na jahazi kabla Tanzania haijakuwapo, kwa hiyo vitukuu wa Wazigua walijaza fomu Uzigua wakijiandika kuwa Wasomali.