Majengo na Wajenzi Wake: Habari za Mji wa Dodoma, Ngoma Zake na Kanisa Lake

Katika kitabu cha Jubilei watu hutazamia kusoma habari za maaskofu, makasisi na wainjilisti waliotutangulia, na habari za shule na hospitali walizoziacha. Habari hizo zapasa kuhifadhiwa. Lakini sisi twataka kuandika jambo lisiloonekana sana katika daftari za kanisa, nalo ni jinsi watu wa mji wa Dodoma walivyojengana wao kwa wao kwa nyimbo, ngoma na mashairi. Na jinsi Kanisa lilivyosimama mbali na kazi hiyo hapo kwanza, kisha likaingia ndani yake. Twaanza na mtaa wa Majengo, kwa maana jina lake lenyewe latuuliza swali: ni kitu gani hasa kilichojengwa hapa?

I. Mji uliozaliwa na reli

Wazee husimulia ya kuwa jina la Dodoma latoka katika neno la Kigogo *idodomya*, yaani mahali palipozama, kwa sababu tembo alikuja kunywa maji, akadidimia matopeni asiweze kutoka. Siku zile hapakuwa na mji. Palikuwa na tembe za Wagogo, nyumba za udongo zenye paa tambarare, zilizozunguka zizi la ng'ombe. Injili ilitangulia mbele ya mji: wajumbe wa C.M.S. walitua Mpwapwa kwanza mwaka 1876, wakaweka kituo cha kudumu mwaka 1878, na kutoka huko kazi ikaenea Ugogo.

Kisha ikaja reli ya Wadachi. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1910 ikafika Dodoma. Hapo ndipo mji ulipozaliwa. Wakaja makuli wa reli, makarani, askari, wachuuzi wa pwani, Wanyamwezi waliozoea safari, Wahindi wenye maduka, na Wagogo wenyewe walioleta ng'ombe na nafaka sokoni. Miaka ya vita na ile njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyoanza mwaka 1917, iliwasukuma wengi waache vijiji vyao. Na mwaka 1927 Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilipoanzishwa, Askofu George Alexander Chambers alikuta mji mchanga wenye watu wa lugha nyingi.

Miji ya Tanganyika ya zamani ilipangwa kwa kuwatenga watu: Wazungu upande wao, Wahindi pamoja na maduka upande wao, na Waafrika upande mwingine. Jina la Majengo si la Dodoma tu. Moshi wana Majengo, Mombasa wana Majengo, na Nairobi pia. Ni jina la mahali ambapo watu walijenga kwa mikono yao na kwa senti zao. Nyumba ya mtaa wa namna hii ina ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua wa kupikia nyuma, na baraza mbele. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja, vingine hupangisha. Na wajane wengi wamesomesha watoto wao kwa kodi ya vyumba viwili vitatu.

Yafaa tulitafakari jambo hili, maana ndani yake mna siri ya mtaa wote. Tembe ni nyumba ya ukoo mmoja. Anayelala ukutani mwa pili ni ndugu yako, na wajua babu yake. Nyumba ya Majengo ni ya watu ambao hawakuchaguana. Anayelala ukutani mwa pili aweza kuwa Mrangi, Mhehe, Msukuma au Mmanyema. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkristo, mwingine bado afuata matambiko ya wazee wake. Wanashiriki kisima kimoja na jiko moja la uani. Basi, watu kama hawa hawana ukoo wa kuwaunganisha. Kilichowaunganisha ni baraza, msiba, na ngoma.

Ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki. Baada ya Vita Kuu ya kwanza ngoma ya beni ilitoka pwani ikasafiri bara pamoja na askari, makarani na wafanya kazi wa reli. Ilikuwa na vyama vyake, Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na mashindano. Wengine waliwacheka kwa kuiga jeshi la Wazungu. Lakini chama cha ngoma kilimpokea mgeni, kilimtunza mgonjwa, na kilimzika maiti asiye na ndugu. Mtu aliyefika mjini peke yake alipata wenzake. Kazi hiyo ndiyo hasa ipasayo Kanisa pia.

II. Sauti za Ugogo na nyimbo za kanisa

Nchi ya Ugogo ina mvua haba, lakini kwa muziki haina njaa. Wagogo wana zeze, wana marimba ya vyuma ichezwayo kwa vidole gumba, wana nindo ambayo waimbaji wengi hupanga sauti zao moja juu ya nyingine, wana msunyunho, na wana muheme, ngoma ya wanawake wapigao huku wameshika ngoma katikati ya magoti. Waliozichunguza sauti hizo wamestaajabu jinsi zinavyopatana bila kuandikwa katika karatasi.

Wamisionari wengi wa kwanza hawakuziingiza sauti hizi kanisani. Walileta tenzi za Ulaya, wakatia maneno ya Kiswahili na ya Kigogo juu ya sauti za kigeni. Tusiwahukumu kwa haraka. Ngoma nyingi zilichezwa usiku pamoja na pombe, na nyingine zilifungamana na tohara ya wasichana, jambo ambalo Kanisa lilikuwa na haki ya kulichukia. Tena, wakati wa Uamsho, Wakristo wengi Waafrika waliziacha ngoma kwa dhamiri zao wenyewe, wala hawakulazimishwa na mtu. Dhamiri hizo twaziheshimu.

Hata hivyo, hasara ilikuwako. Kila mwalimu ajua ya kuwa neno la Kiswahili hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ya utenzi wa Kiingereza haijui kanuni hiyo. Huangusha mkazo popote itakapo, na mwimbaji hulitamka neno kama mtu anayejikwaa. Tena utenzi wataka kitabu, na kitabu chataka msomaji. Mama mzee asiyejua kusoma, ambaye kijijini kwake ni mwanzishi wa nyimbo, kanisani alikaa kimya nyuma. Wimbo wa asili hauna shida hiyo: mmoja huanzisha, wengine hujibu, na baada ya beti mbili hata mgeni aimba.

Tena kulikuwa na njia nyingine, hata katika siku zile za mwanzo. Kusini mwa nchi, Vincent Lucas wa U.M.C.A., ambaye mwaka 1926 alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, hakuipiga marufuku jando. Tangu mwaka 1913 aliijaribu kwa taratibu mpya: akayaondoa mambo yasiyopatana na Injili, akayaweka mafundisho na sala mahali pake. Si wote waliokubali, na hata leo wataalamu hujadiliana juu ya jambo hilo. Lakini alionyesha ya kuwa mtu aweza kupepeta nafaka asitupe ungo mzima.

Miaka ilipopita, wengine wakaifuata njia hiyo katika muziki. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanzania wa Kanisa Katoliki, alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokwisha mwaka 1965, uliwafungulia Wakatoliki mlango. Kwa Walutheri, Howard Olson aliyefundisha Makumira alikusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika, zikaenea hata nje ya nchi. Kwetu sisi, Dayosisi ilimpata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Yohana Madinda, mwaka 1971. Leo mtu akiingia katika makanisa ya Ugogo atasikia zeze na ngoma zikimsifu Mungu, na akina mama wakiimba kwa sauti walizorithi kwa bibi zao.

Juu ya muheme twasema neno moja wazi. Sheria ya nchi ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane, na Kanisa lazidi kukataza kwa kila umri. Muheme yaishi leo mashuleni, makanisani na katika sherehe bila kuhitaji desturi hiyo. Hii ni shuhuda kubwa: kisu chaweza kuondoka, na ngoma ikabaki.

III. Mji mdogo uliofanywa mji mkuu

Mwaka 1973 iliamuliwa ya kuwa Dodoma iwe makao makuu ya Serikali, na mamlaka ya kuustawisha mji, iliyojulikana kama C.D.A., ikaundwa. Ramani ya mwaka 1976 haikutaka mji wa majumba ya fahari. Ilitaka mji wa jamii ndogo ndogo, zilizounganishwa kwa njia za miguu na za mabasi. Lakini fedha zilikuwa haba, na kwa miaka mingi mambo yalikwenda polepole. Bunge lilihamia mwaka 1996. Mwaka 2016 ikatangazwa ya kuwa Serikali yote itahamia. Mwaka 2017 C.D.A. ikavunjwa, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji.

Tangu hapo mji umekwenda mbio. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 765,179. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam. Na Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, jirani na Ihumwa.

Jina hilo la Ihumwa latukumbusha mtu mmoja. Mathias Mnyampala alizaliwa huko mwaka 1917, akasoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, kisha akahudumu katika mahakama. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Tena ndiye aliyeikuza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, ikaenea katika shule za nchi nzima kabla hajafariki mwaka 1969. Mwana wa Ugogo aliyaandika ya kwao kwa Kiswahili fasaha ili taifa lote lisome. Wala hakuona kwamba kulipenda kabila lake ni kulinyima taifa haki yake.

Twamtaja kwa sababu mji huu sasa una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba ardhi ya mitaa ya kale iliyo karibu na soko, kama Majengo, ina thamani kubwa. Nyumba ya ukumbi na baraza yaweza kuvunjwa ikainuka ghorofa ya maduka. Hatusemi ghorofa ni dhambi. Wenye nyumba wana haki ya kupata faida, na mji wahitaji nafasi. Lakini baraza likiondoka na kisiwekwe kitu mahali pake, majirani watapishana mlangoni pasipo kujuana majina. Hatari ya pili ni kwamba ngoma ya Kigogo itageuka kuwa pambo la kupokea wageni wakubwa uwanjani, dakika tano tu, na nyumbani hapana mtoto ajuaye kuianzisha. Hapo Mgogo atakuwa mgeni katika mji uliopewa jina kwa lugha yake.

IV. Yatupasayo

Tusikate tamaa, kwa maana mifano iko karibu. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliibeba zeze na marimba hadi Bagamoyo na hadi nchi za ng'ambo, akawafundisha watoto na ndugu zake. Huko Chamwino, Dakta Kedmon Mapana na wenzake walianzisha kituo cha sanaa, na tangu mwaka 2009 wamefanya tamasha ya muziki wa Wagogo, ambapo vikundi vya vijiji hukutana kuimba mbele ya watu wao wenyewe. Tazameni faida yake: kikundi kinachojiandaa kwa tamasha hukutana mwaka mzima, wazee hutafutwa wafundishe, fundi wa zeze hupata kazi, na vijana huona ya kuwa jambo la bibi yao laheshimiwa.

Basi, sisi wa sharika za mjini twaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kadiri yetu. Waalimu, waiteni wazee shuleni wawafundishe watoto nyimbo zisizo na ubaya, na watoto waandike jina la aliyefundisha, mahali alipozaliwa na kazi ya wimbo huo. Viongozi wa kwaya, kila mwaka tungeni walau nyimbo chache kwa sauti za nchi hii, wala si za Ugogo tu. Majengo ni ya makabila mengi, kila moja na lileta lake. Wazee wa kanisa, uwanja wa kanisa usifungwe baada ya ibada; na uwe baraza la mtaa, hata kwa jirani asiye wa dini yetu. Nanyi mnaojenga nyumba mpya, acheni nafasi ya watu kuketi.

Mtume aliwafananisha waamini na mawe yaliyo hai, yanayojengwa kuwa nyumba moja. Jiwe moja halifanyi nyumba, na mawe yaliyorundikwa hayafanyi nyumba. Hupatana kwa kuwekwa pamoja kwa subira. Jiji litaendelea kuinua majumba, nasi twalishukuru kwa maji, barabara na taa. Lakini Dayosisi itimizapo miaka 100 mwaka 2027, na tumwombe Mungu atupe kazi iliyobaki, ambayo hakuna mkandarasi aiwezaye: kuwafanya watu wanaoishi karibu wawe majirani, na majirani wawe kwaya moja.